Hapsikodi na Mkwaruzo wa Gitaa: Mapitio ya Albamu ya Spirituality and Distortion ya Igorrr

Wasikilizaji wengi wa muziki wa metali, wakiambiwa kwamba mtu amechanganya hapsikodi, kinanda cha karne ya 18, na magitaa ya umeme, huchukulia mara moja kwamba kinanda hicho kimewekwa kama pambo, na ni kweli kwamba zipo kazi nyingi zinazostahili dhana hiyo: kinanda hupigwa kwa nusu dakika mwanzoni ili kuleta hali ya kanisa la kale, kisha magitaa yanaingia na kinanda hakisikiki tena hadi mwisho. Albamu ya Spirituality and Distortion haimo katika kundi hilo. Ndani yake muziki wa baroko, yaani ule wa Ulaya wa karne ya 17 na 18, na muziki mzito wa mashine vimefungwa pamoja kwenye mifupa ya utunzi, na ukiondoa kimojawapo nyimbo zilizo bora zaidi zitaanguka. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi inayofaa zaidi kwa msikilizaji anayetaka kujua mchanganyiko huu unaweza kufika wapi, na nitajaribu kueleza kwa nini, bila kuficha mahali ambapo unachosha.

Igorrr ni jina la kisanii la Gautier Serre, mtunzi na mtayarishaji wa muziki kutoka Ufaransa. Albamu hii yenye nyimbo 14 ilitolewa na kampuni ya Metal Blade Records tarehe 27 Machi 2020, na jina lake, ambalo linaweka mambo ya kiroho na mkwaruzo wa sauti sambamba, linatangaza wazi kile kinachofuata. Kwa usahihi zaidi niseme kwamba metali iliyomo si ya aina moja. Zimo ngoma za kasi za metali kali, yamo magitaa mazito yanayokwenda polepole, na umo utaratibu wa kiwandani wa kukata, kurudia na kuponda sauti kwa kompyuta, ambao mizizi yake ni ileile ya makundi kama Godflesh, lililoanzishwa mwaka 1988 katika mji wa Birmingham nchini Uingereza na ambalo liliweka mashine ya ngoma mahali pa mpiga ngoma.

Ili kuelewa kwa nini vitu hivi viwili vinakubaliana, hatuna budi kuanza na namna hapsikodi inavyofanya kazi. Kibonyezo kinapobonyezwa, kijiti chembamba kilichosimama wima hupanda juu, na ubavuni mwa kijiti hicho kuna ncha ndogo, ambayo zamani ilichongwa kutoka kwenye mrija wa unyoya wa ndege, inayoudonoa uzi na kuuacha ulie. Ubonyeze kwa nguvu au kwa upole, uzi hudonolewa vilevile na sauti hutoka kwa ukubwa uleule. Tena sauti hiyo haikai. Huanza kwa ncha kali na kufifia upesi. Bartolomeo Cristofori alipounda piano ya kwanza mjini Florence yapata mwaka 1700, akitumia vinyundo badala ya ncha, alikuwa anatafuta hasa kile ambacho hapsikodi haikuweza kutoa, yaani noti inayotii uzito wa kidole.

Watunzi wa baroko waliokuwa na hapsikodi mbele yao walilitatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Noti iliyohitaji kudumu waliitikisa pamoja na noti ya jirani yake, haraka haraka, ili sauti isife. Pale walipohitaji nguvu waliongeza idadi ya noti, na pale walipohitaji upole walizipunguza au walizitawanya moja baada ya nyingine. François Couperin aliandika kitabu kizima cha kufundisha mpigo wa hapsikodi na mapambo yake, kikachapishwa mwaka 1716. Naye Domenico Scarlatti, aliyezaliwa mwaka 1685, mwaka uleule na Bach na Handel, aliacha sonata 555, yaani vipande vifupi vya kinanda, na katika baadhi yake alibana noti ngeni ndani ya mkusanyiko wa noti za kawaida hadi kinanda kikatoa mkwaruzo wa kushtua. Asiyeamini kwamba hapsikodi inaweza kuwa chombo chenye ukali na asikilize sonata hizo kabla ya kusikiliza albamu hii.

Sasa tuliangalie gitaa. Sauti ya gitaa la umeme ikipitishwa kwenye kikuza sauti kilichosukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi yake hukatwa, na matokeo yake ni kwamba pigo dogo na pigo kubwa hutoka yakiwa yamekaribiana sana kwa ukubwa. Mpiga gitaa wa metali, kwa hiyo, yuko katika hali ileile ya mpiga hapsikodi: hawezi kutegemea upole na nguvu za mkono kutoa hisia, bali wingi wa noti, upangaji wa wakati, na mahali pa kunyamaza. Mashine ya ngoma iliyopangwa pigo kwa pigo bila kutofautisha uzito nayo ina tabia hiyohiyo. Tofauti kubwa ni moja tu, kwamba mkwaruzo hurefusha noti ilhali noti ya hapsikodi hufa mapema, na ndiyo maana vyombo hivi vinakamilishana: mahali ambapo kinanda kimeishiwa pumzi, gitaa lipo. Na mpiga gitaa akitaka ukavu wa kinanda, hulaza kiganja kwenye nyuzi na kuikata noti.

Serre anaujua ukweli huu, na ninadhani ndio siri ya kazi yake nzima. Chukua wimbo wa Hollow Tree, ambao kwangu ni kilele cha upande wa baroko katika albamu hii. Hapsikodi ndiyo inayobeba wimbo, na juu yake inapanda sauti ya Laure Le Prunenec, mwimbaji mwenye uwezo wa kuimba kwa namna ya opera na kwa namna ya ukelele wa kupasua. Magitaa na ngoma yanapoingia, hayaingii kuifunika hapsikodi wala kuipinga. Yanachukua mwenendo wake uleule wa sauti na kuubeba kwa uzito mpya, hivi kwamba msikilizaji makini anaweza kuendelea kufuata mstari wa kinanda ndani ya kishindo. Ngoma zinafanya kazi ambayo kwenye kinanda ingefanywa na mapambo. Pigo moja la ngoma ndogo hukatwakatwa kuwa vipande vingi vyembamba vinavyotetemeka mwishoni mwa sentensi ya muziki, mahali hasa ambapo Couperin angetaka noti itikiswe kabla ya kutua. Nilipoligundua jambo hili nilirudi kwenye nyimbo nyingine na kulikuta tena na tena. Vurugu ile ya ngoma, ambayo masikio mageni huiona kuwa haina mpango, imepangwa kwa sheria za kinanda.

Nervous Waltz nao unastahili kusikilizwa kwa karibu. Mwendo wake ni wa waltz, mapigo matatu matatu, na unaanza kwa adabu ya ukumbi wa dansi wa Ulaya. Kisha mapigo ya kompyuta yanaanza kuuchokonoa kutoka chini, yakiongeza kasi ndani ya kila pigo bila kuuvunja mwendo wa tatu, mpaka wimbo unakuwa na kasi mbili kwa wakati mmoja: ya juu imetulia na ya chini inakimbia. Msikilizaji wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye singeli, muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika, hatababaishwa na kasi yenyewe. Kitakachomshangaza ni utulivu unaobaki juu yake.

Ni lazima kumtaja mpiga ngoma Sylvain Bouvier, kwa sababu watu wengi hudhani ngoma zote za Igorrr ni za kompyuta. Sehemu kubwa ya uzito wa albamu hii inatokana na ngoma halisi zilizopigwa na mtu, na ustadi upo katika kupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine bila mshono kuonekana. Serre alikuwa ameshauandaa msingi huo katika albamu iliyotangulia, Savage Sinusoid ya mwaka 2017, aliyoitengeneza kwa kurekodi vyombo na sauti upya badala ya kuchukua vipande kutoka kwenye rekodi za watu wengine. Kazi zake za zamani zaidi, kama Nostril ya mwaka 2010 na Hallelujah ya mwaka 2012, zina mvuto wake, na ile ya pili ina wimbo unaoitwa Scarlatti 2.0 ambao unaonyesha wazi mapenzi yake ya siku nyingi kwa kinanda. Lakini ndani ya kazi hizo unasikia mtu mmoja aliye mbele ya kompyuta, wakati ndani ya Spirituality and Distortion unasikia chumba chenye watu, na baroko inahitaji chumba. Sauti ya nyuzi zinazodonolewa hupata uhai wake kutokana na kuta na mbao zilizo karibu nayo.

Kwa sauti za waimbaji sina mengi ya kulalamikia. Le Prunenec anaweza kuanza mstari kwa usafi wa kanisani na kuumalizia kwa ukelele, na kati ya hayo mawili hakuna mahali ambapo sauti inayumba. Laurent Lunoir, anayesimama upande wa pili, huleta mngurumo na sauti nzito za kiibada, hasa katika Himalaya Massive Ritual, wimbo mrefu na wa polepole ambao unatoa nafasi ya kupumua katikati ya albamu. Asitarajie mtu kufuata mashairi. Sauti hapa zinatumika kama vyombo, na anayependa muziki kwa ajili ya maneno yake atabaki na njaa. Katika Parpaing anaalikwa George Fisher wa kundi la metali la Cannibal Corpse, ambaye ngurumo yake ni nzito kama inavyotarajiwa kutoka kwake, na katikati ya wimbo huo sauti za michezo ya zamani ya kompyuta zinajitokeza ghafla. Ni wimbo mzuri wa metali, ingawa hauna la kutuambia kuhusu kinanda.

Jambo ambalo msikilizaji wa pwani yetu atalipokea kwa furaha ya pekee ni kwamba albamu inafunguliwa kwa sauti ya udi, chombo kile cha nyuzi. Katika Downgrade Desert udi unatangulia kabla ya magitaa, na katika Camel Dancefloor vyombo vya Mashariki ya Kati vinawekwa juu ya mapigo ya dansi. Mpiga udi ni Mehdi Haddab, anayefahamika kwa kundi lake la Speed Caravan, na mpiga kanuni ni Fotini Kokkala wa Ugiriki. Kwa aliyezoea taarabu ya Unguja, ambako udi na kanuni ni vyombo vya msingi tangu enzi za kuanzishwa kwa kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, hakuna kigeni katika kuvisikia vikiongoza wimbo. Ugeni upo katika kinachovifuata.

Niliposikiliza nyimbo hizi mbili mara ya kwanza nilijiuliza kama hazikuwa zimewekwa ili kuongeza ladha ya safari tu. Baada ya kuzisikiliza vizuri nimeridhika kwamba sivyo. Kanuni, kwa asili yake, ni ndugu wa hapsikodi: nyuzi nyingi zimetandazwa juu ya sanduku la mbao, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na hudonolewa kwa ncha zilizovaliwa vidoleni. Noti yake nayo hufa upesi, na mpigaji hodari huirefusha kwa kuidonoa mfululizo hadi inasikika kama mstari mmoja unaotetemeka. Kila mtu aliyewahi kusikia utangulizi wa kanuni katika taarabu anaujua mtetemo huo. Kwa kuviweka vyombo hivi na hapsikodi ndani ya albamu moja, Serre ametuwekea mbele ya masikio familia nzima ya nyuzi zinazodonolewa, kila moja ikijibiwa na gitaa la mkwaruzo kwa namna yake. Udi, ambao mpigaji wake anaweza kuupiga kwa upole au kwa ukali apendavyo, ndio unaopata shida zaidi mbele ya gitaa. Mara kadhaa katika Downgrade Desert unalazimika kunyamaza ili magitaa yapite. Kanuni inastahimili zaidi, kwa kuwa sauti zake za juu zinapenya, na kwa sababu hiyohiyo hapsikodi inastahimili kuliko vyote.

Upungufu upo, na si mdogo. Nyimbo 14 ni nyingi mno kwa muziki wenye msongamano huu. Kati ya wimbo wa saba na wa kumi na tatu masikio huanza kuchoka, na uchovu huo unaziumiza nyimbo ambazo zikisikilizwa peke yake ni nzuri. Barocco Satani, kwa mfano, ni wimbo wa kiza na wa taratibu ambao ungepaswa kuwa nguzo ya albamu, lakini umewekwa karibu na mwisho, mara tu baada ya Paranoid Bulldozer Italiano, wimbo wenye fujo nyingi kuliko mawazo, na msikilizaji anaufikia akiwa ameshaelemewa. Laiti Barocco Satani ungefuata Hollow Tree, tungeona wazi jinsi lugha ileile ya kale inavyoweza kusema mambo mawili tofauti. Musette Maximum, unaotumia akodiani kwa mtindo wa dansi za zamani za Ufaransa, ni mchangamfu, ila kwa jinsi ulivyopangwa baada ya Parpaing unaifanya nusu ya kwanza ya albamu ionekane kama maonyesho ya mitindo. Albamu ya nyimbo 10 ingekuwa na nguvu zaidi.

Lipo pia suala la mikato ya ghafla, ambayo ni alama ya Igorrr tangu mwanzo. Wimbo unaweza kukatwa katikati ya sentensi na kuhamia mahali pengine kabisa. Mikato hiyo ikitokea mahali ambapo sauti zilizotangulia zimeshatua, hupendeza sana, na Polyphonic Rust unaonyesha hilo kwa sauti za wanawake zilizopandana kwa tabaka huku mapigo yakibadilika chini yake. Ikitokea mapema mno, msikilizaji hunyang'anywa kitu alichokuwa ameanza kukishika. Watunzi wa baroko walipenda mshtuko, lakini waliuandaa. Scarlatti husimama kabisa, hukaa kimya kwa pigo zima, ndipo aruke. Serre hakai kimya vya kutosha. Very Noise, wimbo mfupi wa kielektroniki usio na waimbaji, hauachi nafasi hata ya kuvuta pumzi, na pamoja na ustadi wake mkubwa wa kiufundi ndio ninaourudia kwa nadra kuliko nyingine zote.

Kuhusu namna ya kuisikiliza, ningeshauri kwa dhati kwamba spika ya simu isitumike kabisa. Hapsikodi ina ncha kali za sauti za juu ambazo faili zilizobanwa sana huzigeuza kuwa mchakacho wa majani makavu, na simu haina besi ya kubeba magitaa ya Himalaya Massive Ritual, hivyo unachobaki nacho ni kelele ya katikati. Hedifoni za kawaida zinazofunika masikio zinatosha, mradi faili liwe la ubora wa juu. Kwa anayesikiliza kwa njia ya intaneti, ni heri kuipakua albamu mara moja kwenye Wi-Fi kuliko kuiacha programu ipunguze ubora kila mtandao unapodhoofika. Sauti iwe ya wastani. Muziki huu umebanwa hadi kwenye kilele chake tangu mwanzo hadi mwisho, na kuongeza sauti hakufichui kitu kipya.

Anayejiuliza aanze na albamu ipi kati ya zile za Igorrr anapaswa kujua kwamba Le Prunenec na Lunoir waliachana na Serre mwaka 2021, na kwamba albamu ya Amen ya mwaka 2025 imeimbwa na watu wengine. Kwa sababu hiyo Spirituality and Distortion ni rekodi ya mwisho ya mpango ule wa sauti mbili uliouzoeza ulimwengu wa metali kusikia baroko kwa uzito. Savage Sinusoid ni fupi, ni kali zaidi na ina mshikamano zaidi. Wimbo wake wa ieuD unatumia hapsikodi kwa ukatili ambao haurudiwi katika albamu inayofuata. Anayetaka pigo moja la haraka achague hiyo. Anayetaka upana, na hasa anayetaka kusikia udi, kanuni na hapsikodi vikipita mbele ya magitaa yaleyale, anunue hii, aanze na Hollow Tree, aende Nervous Waltz na Downgrade Desert, apumzike, kisha siku nyingine asikilize Barocco Satani peke yake.